Dosie Kumi, Koti Moja

Mwanafunzi wa sheria wa Bujumbura anayetafuta staji huhangaikia muhuri kwanza, barua baadaye. Anakwenda kwenye kabine ya wakili na nakala mbili: moja ya kuacha, nyingine ya kurudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Hiyo ya kurudi nayo ndiyo roho yake. Anaitia kwenye plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa, anamwonyesha mama, mama anamwonyesha jirani, na ikifika jioni mtaa mzima unajua kwamba mtoto wa fulani amepeleka dosie. Ndani ya dosie mna nini, hilo haulizi mtu.

Nayasema haya bila kumsingizia yeyote, maana muhuri wenyewe niliushika mimi. Kwa miaka mingi nilikuwa sekretari kwenye kabine moja ya mawakili kule Rohero, jina lake nalihifadhi. Nilipostaafu nikafungua sekretariati yangu Buyenzi, kwenye mojawapo ya zile avenyu zetu zinazoitwa kwa namba: kompyuta mbili, mashini ya fotokopi, printa yenye tabia zake, na benchi la wateja ambalo kazi yake hasa ni kuwapa hifadhi wazee wanaokimbia jua. Kwa hiyo barua za staji nimezijua kwa pande zote. Kule nilizipokea, huku nazichapa. Na nikikumbuka hatima ya zile nilizozipokea kule, mara nyingine kidole kinasita kubonyeza.

Msomaji aliye mbali aelewe kwamba staji za sheria kwetu ni mbili. Kuna ile ya wakili mchanga aliyemaliza chuo, akala kiapo, anavaa joho na kufanya kazi chini ya mkongwe. Hiyo ina taratibu zake na inasimamiwa na jumuiya ya mawakili wenyewe, chini ya mkuu wao tunayemwita batonye. Halafu kuna hii ya mwanafunzi, ya mwezi mmoja au miwili, ambayo Nairobi wangeiita atachimenti na Dar es Salaam wangeiita fildi. Huko London kampuni kubwa za mawakili zina fomu ya kujaza mtandaoni, tarehe ya mwisho, majaribio na usaili, yote hayo kwa ajili ya wiki chache za likizo. Bujumbura hakuna fomu wala tarehe. Kuna bahasha ya kaki na mlango wa wakili. Nyuma ya mlango yuko nani, na ameamkaje siku hiyo, utajua ukishabisha hodi.

Sasa barua. Barua ni ya Kifaransa, na ni moja. Sisemi zinafanana, nasema ni moja. Iliandikwa na mtu ambaye hatutamjua, mwaka ambao hatutaujua, na tangu hapo imekuwa ikihama kutoka flashi hadi flashi, kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, kutoka Kamenge hadi Kanyosha. Inaanza kwa kusema kwamba mwandishi ana heshima kubwa ya kuja mbele ya wema wa juu wa mheshimiwa wakili. Inaendelea kwamba yeye ni kijana mwenye bidii, mchangamfu, anayeweza kufanya kazi na wenzake na hata chini ya shinikizo. Inamalizia kwa matumaini kwamba ombi litapokelewa vyema, na kwa shukrani za kutangulia. Maître wetu, yaani wakili mwenye kabine ile ya Rohero, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akifika kwenye shinikizo alikuwa anacheka peke yake. "Mama, huyu ana miaka ishirini na mbili na anakaa kwao," alikuwa akiniambia. "Shinikizo lipi?"

Na kwa kuwa barua ni ya kurithiwa, hurithiwa pamoja na vilema vyake. Kwetu Burundi mambo ya urithi hayana sheria iliyoandikwa, yanakwenda kwa mila, na mila ya barua hii ni kwamba mrithi hasomi alichorithi. Kijana mmoja, ndevu zimemjaa uso, alijitambulisha mstari wa kwanza kuwa ni binti, kwa sababu barua aliichukua kwa dada yake na Kifaransa hakisamehe jambo hilo. Mwingine alimsifu Maître kwa busara ya kuweka kabine hatua chache kutoka soko kuu lenye shughuli nyingi. Soko kuu la Bujumbura liliungua Jumapili ya Januari 27, 2013, na barua hiyo ilitufikia miaka kadhaa baadaye. Maître aliisoma, akavua miwani, akasema ana wateja kadhaa waliokuwa na vibanda kwenye soko hilo, na wangefurahi sana kuambiwa limefunguliwa lini.

Kulikuwa na mmoja aliyeandika vizuri kabisa. Jina la kabine lilikuwa sahihi, anwani ilikuwa sahihi, bahasha safi. Ila katikati ya ukurasa akaeleza jinsi anavyoihusudu kazi yetu kubwa kwenye mikataba ya madini. Sisi tulikuwa watu wa talaka na mipaka ya mashamba. Madini tuliyoyajua ni yale ya kwenye pete, tena zikivuliwa.

Kisha picha. Mtaani kwangu kuna studio yenye koti moja. Ni la buluu iliyokoza, mabega yamejazwa, na tai yake nyekundu imeshafungwa tayari kwa mpira. Unaipitisha kichwani tu. Kila anayepiga picha ya dosie hulivaa, mnene kwa mwembamba. Wembamba hubanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, hivyo kwa mbele wote wanatoka mawaziri. Siku moja Maître alizipanga dosie kumi mezani akitafuta stajieri wa likizo, akakaa kimya, halafu akaniita.

"Mama, hawa ni ndugu?"

Nikainama kutazama. Koti lile lile mara kumi, tai ile ile mara kumi, kichwa ndicho kilichobadilika.

"Si ndugu, Maître. Ni majirani."

Akafikiri kidogo. "Basi niitie huyu wa tatu," akasema. "Yeye angalau limemkaa."

Ndivyo mtu mmoja alivyopata staji, na sitaki mtu aniambie kwamba ukubwa wa bega si sifa ya kitaaluma. Aligeuka kuwa kijana mzuri, lakini hilo barua yake haikuwa imelisema popote.

Wasifu nao una vituko vyake. Anwani ya barua pepe waliyoifungua wakiwa darasa la nane, yenye jina la mchezaji wa Barcelona na neno "mpenzi", ndiyo hiyo hiyo wanayompa wakili. Mawakili ni watu wazima. Hawawezi kutuma mwaliko rasmi wa usaili kwa mtu anayeitwa mpenzi, kwanza sekretari yupo na anaona. Kwenye mapendeleo wote huandika kusoma, kusali na kutazama mpira. Maître aliwahi kumwuliza mmoja anasoma kitabu gani kwa sasa. Kijana akakohoa, akajibu kwamba siku hizi anasali zaidi.

Na ule uzito! Ombi la kwenda kupanga mafaili kwa mwezi mmoja, bila mshahara, linakuja na kopi ya karata ya utambulisho, kopi za matokeo ya kila mwaka, cheti cha tabia njema kutoka zoni, hati ya kuthibitisha kwamba hujawahi kuhukumiwa, na kwa wanaopenda kujikinga pande zote, cheti cha ubatizo. Fotokopi ndiyo inayonilisha, kwa hiyo ninachotaka kusema kinaniumiza mfukoni, lakini wakili hajayaomba hayo. Akiyahitaji atayaomba. Kwenye ukurasa wa kwanza anatafuta kuona kama unaweza kuandika sentensi ikasimama, na kama ukipewa tarehe ya kesi utaiandika kama ilivyo. Nimeona kesi nyingi zikianguka kwa sababu ya tarehe. Sikumbuki hata moja iliyoanguka kwa kukosa cheti cha ubatizo.

Dosie ikishakamilika, inabaki safari ya kuifikisha mjini. Mwaka 2022 pikipiki, baiskeli na tuktuk zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, na petroli ikiadimika, basi ni la kusubiri tangu alfajiri. Kijana wa Kinama huteremshwa pembeni, kisha hutembea na suti yake kwenye jua ambalo halijali suti. Mmoja alinyeshewa. Mvua ya Bujumbura haina utangulizi. Akafanya ambacho binadamu yeyote angefanya, akajifunika kichwa kwa kitu kilichokuwa mkononi, na kilichokuwa mkononi ni bahasha. Wino wa printa yangu, nakiri mbele ya umma, hauna msimamo ukikutana na maji. Alirudi kunisimulia kwamba ukurasa ulipofunguliwa mbele ya wakili yalikuwa yamebaki maneno mawili yanayosomeka: "mheshimiwa" na "shinikizo".

Hayo yote ni madogo. Kisa ninachokipenda ni cha binti wa mwaka wa tatu aliyenifungulia mashtaka ndani ya sekretariati yangu mwenyewe.

Alikuja asubuhi na ile barua, safari hii imenakiliwa kwa mkono, mwandiko mzuri. Ananisomea, mimi nachapa. Heshima kubwa, wema wa juu, bidii, uchangamfu. Tulipofika kwenye shukrani za kutangulia, umeme ukaenda. Betri ya akiba iliyoko chini ya meza ilikuwa imekufa tangu Ramadhani. Kioo kikawa cheusi, na ukurasa mzima ukaenda na kioo. Benchi lote likasema "aaah" kwa pamoja, kwa sababu Bujumbura hata kusikitikia umeme tumeshakufanyia mazoezi.

Binti akaweka kalamu chini.

"Shangazi, kwa heshima zako zote, hapo kuna kifungu cha 258."

Kwa asiyekijua: kifungu hicho kimo kwenye kitabu cha tatu cha sheria za madai, kinachotokana na dikrii ya Julai 30, 1888, ya ile Kongo ya Mfalme Leopold. Wabelgiji wakaileta na huku. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba ukimtia mwenzako hasara kwa kosa lako, uilipe. Mwanafunzi wa sheria wa Burundi au wa Kongo anaweza kusahau siku aliyozaliwa. Namba 258 haisahau. Sikutarajia tu kwamba mfalme wa Ubelgiji angekuja kunidai mimi Buyenzi kwa ukurasa mmoja.

"Kosa langu ni lipi, mwanangu?" nikamwuliza. "Umeme nimeukata mimi?"

"Hukuukata, Shangazi. Ila kazi hukuihifadhi."

Miaka yangu ya Rohero haikuwa ya bure. Nikajikohoza. "Hiyo ni nguvu kuu," nikasema. "Jambo lililo nje ya uwezo wangu. Hapo hakuna anayewajibika."

"Nguvu kuu ni jambo lisilotazamiwa," akajibu, bila hata kupandisha sauti. "Ni nani Bujumbura asiyetazamia umeme kukatika? Wewe mwenyewe unauza mishumaa hapo dirishani."

Wote wakageuka kutazama dirisha. Mishumaa ilikuwepo, imepangwa vizuri, na bei imeandikwa kwa mkono wangu.

Mzee mmoja mwenye kofia ya viua, aliyekuwa anasubiri kopi ya karata yake, akajipiga gotini kwa kiganja. "Amekushika huyu," akasema. "Tena kwa mshumaa wako."

Sikukubali kushindwa hivi hivi. Nikasema na yeye ana sehemu yake: alikuwa ananisomea taratibu mno, neno kwa neno, halafu katikati akapokea simu. Kama si simu ile, ukurasa ungekuwa umeshatoka. Benchi likanung'unika kwamba hilo nalo lina ukweli. Binti akatulia, akafikiri, na hapo ndipo aliponimaliza. Akasema: "Simu naikubali. Basi tugawane. Wewe unachapa tena bila malipo, mimi nasubiri umeme bila kununa." Mzee wa kofia akatazama kulia, akatazama kushoto, na kwa ule uzito wa bashingantahe, wazee wasuluhishi wa milimani, wanapomaliza shauri la ng'ombe, akatangaza kwamba imepita. Nikawagawia wote chai ya tangawizi, kwa gharama za mshtakiwa.

Umeme uliporudi, binti akashika tena karatasi yake. "Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya..."

"Hapana," nikamwambia. "Hiyo weka kando. Niandikie ulichoniambia mimi sasa hivi."

Akadhani nataka kulipiza kisasi. Ilibidi nimweleze kwamba kwa robo saa alikuwa ametoa hoja, akatafuta ushahidi dirishani, akakubali sehemu ya maneno ya upande wa pili, na akamaliza ugomvi bila mtu kuchukia. Na kwamba kwenye barua yake, ambayo sasa niliijua kwa kichwa, hapakuwa na hata moja ya hayo. Palikuwa na uchangamfu tu. Tukaandika upya. Aya moja fupi ikaeleza shauri la ukurasa uliopotea: lilivyoanza, nguvu kuu ilivyokataliwa na kwa sababu gani, na lilivyomalizwa kwa kugawana. Aya ya pili ikasema kwamba kabine anayoiandikia inashughulika sana na kesi za ardhi, ambako majirani hugombania mpaka miaka na miaka, na kwamba angependa kuona wakili anavyoamua shauri lipi la kusuluhisha na lipi la kupeleka mahakamani. Jambo hilo la ardhi hakulibuni. Aliwahi kukaa kwenye mahakama ya wazi na kumsikiliza mmoja wa mawakili hao akitetea mpaka. Akaandika hivyo, na mwezi aliomsikia. Chini yake akaweka tarehe anazopatikana na namba ya simu. Ukurasa mmoja, bila picha ya koti.

Aliitwa. Nasikia wakili alianza usaili kwa kumwuliza kama mishumaa bado ipo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkaidi. Mteja akija na ile barua, simchapii mpaka nimgombanishe kwanza. Namwuliza: mara ya mwisho kubishana na mtu ukashinda ilikuwa lini? Nani alikuja kwako na karatasi asiyoielewa ukamsomea? Watoto hawa wana mambo ya kusema. Wanayasema kwenye benchi langu kwa sauti, mikono inapaa. Wakishika kalamu wanageuka yule mtu wa koti la buluu.

Kwa mfano yule kijana wa hapa hapa Buyenzi. Kwenye wasifu, sehemu ya lugha, aliandika Kirundi, Kifaransa, na Kiingereza cha wastani. Hayo yote alinieleza kwa Kiswahili, kwa zaidi ya nusu saa, bila kukwama mahali.

"Na hii tunayoongea?" nikamwuliza.

"Shangazi, hii ni ya nyumbani. Nikiandika Kiswahili wataniona wa mtaani."

Ana sababu ya kuogopa. Katika nchi hii, kwa muda mrefu, kumwita mtu Mswahili ilikuwa ni kumwambia kwa adabu ahesabu chenji mbele yako, na sisi wa Buyenzi tumelipishwa jina hilo tangu jiji hili lilipokuwa likiitwa Usumbura. Lakini mimi nilikaa mapokezi. Nilimwona mfanyabiashara wa Uvira akiingia na mafaili kwapani, nikamwona mwenye boti wa Kigoma akifungua mkataba wake mezani, wote wakieleza kwa Kiswahili, na Maître, mtoto wa milimani aliyelelewa kwa Kirundi akasomeshwa kwa Kifaransa, akitabasamu kwa heshima bila kupata kitu. Mkalimani nilikuwa mimi, kati ya chai na simu. Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo imeingia 2022, Uvira iko hapo ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, halafu kijana mwenye lugha ya wateja hao wote mdomoni anaificha ili aonekane msomi!

Tukamchimba zaidi. Baba yake anauza mawese ya Rumonge kwa jumla, na huwakopesha watu. Daftari la madeni analitunza kijana tangu akiwa sekondari. Kuna mdaiwa mmoja wa ng'ambo aliyekuwa anakwepa simu. Kijana akamwandikia barua, kwa Kiswahili, akaorodhesha kila mtungi na tarehe yake, akampa siku za kulipa na kumweleza kitakachofuata asipolipa. Pesa zilikuja.

"Kwa nini hili halimo kwenye wasifu?"

"Shangazi, hayo ni mambo ya mawese."

Mambo ya mawese! Mawakili wa jiji hili hula kwa kuandika barua za namna hiyo hiyo, nao huzitoza. Nilimwandikia mimi mwenyewe kwa herufi nzito: Kiswahili, lugha ya mama, kusema na kuandika, pamoja na barua za madai. Kusoma, kusali na kutazama mpira tukavifuta. Kabine aliyokwenda ilikuwa na mteja wa Uvira siku hiyo hiyo, akaombwa akae asikilize, akatoka jioni. Dosie yake ilikuwa bado mezani, bahasha haijafunguliwa. Nilichukia kidogo, kwa ile kazi yote.

Wapo pia wale wasioandika kabisa kwa sababu wana tonton, yaani mjomba. Tonton anamjua wakili, tonton atapiga simu. Mmoja wa matonton hao alipiga kweli, akasema kwa kifupi cha wakubwa: "Kijana wangu anakuja kesho asubuhi, mpokeeni." Kabine ile ilikuwa inamsubiri fundi wa bomba. Kijana akafika saa mbili kamili, suti, viatu vinang'aa, akapokewa kwa furaha kubwa na kupelekwa moja kwa moja chooni, akaonyeshwa panapovuja. Kwa adabu aliyofundishwa kwao, hakubisha. Alidhani ni sehemu ya usaili. Alishakunja mikono ya shati mtu mmoja alipomwuliza vifaa viko wapi, naye akatoa kalamu.

Nina neno na mawakili, kwa kuwa gazeti wanalisoma wakisubiri kesi kuitwa. Waheshimiwa, watoto wanawaandikia, na wengi wenu hamjibu. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kwenye meza yangu ya Rohero barua za kuingia zilikuwa na rafu nzima, za kutoka kwa wanafunzi hazikuwa na hata kikapu. Mwanafunzi asiyejibiwa hajui kama alikosea barua, alikosea mlango, au barua ilikaa chini ya kikombe cha chai. Kwa hiyo mwaka unaofuata anarudi na ile ile, na mdogo wake anairithi. Mstari mmoja unatosha: ndiyo, hapana, au njoo mwezi wa tisa. Mkikosa wa kuwaandikia, nileteeni Buyenzi. Majibu ya wanafunzi wa sheria nachapa bure siku yoyote yenye umeme.